Karo ya Muhula, Pesa ya Kila Siku: Mwongozo kwa Mwanafunzi Anayefanya Kazi Nakuru

Ukipita Njokerio jioni, pale nje ya Chuo Kikuu cha Egerton, utapata mwanafunzi anauza smokie na mayai, mwingine anasuka wenzake nywele kwa chumba chake, na mwingine ameketi ndani ya kibanda cha wakala akihudumia foleni. Siku ya Jumamosi utawapata Nakuru mjini: hotelini wakipeleka chakula mezani, dukani wakipanga bidhaa, sokoni wakiuza mitumba, barabarani wakiendesha boda. Wengi wao Jumatatu asubuhi wako darasani Njoro, Kabarak, KMTC au Rift Valley National Polytechnic.

Kusoma ukifanya kazi si jambo geni hapa kwetu. Nakuru ilipata hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, lakini hata kabla ya hapo vyuo kadhaa vilikuwa na matawi katikati ya mji, na walimu, makarani na wafanyabiashara walisoma jioni na wikendi. Hao walikuwa na kazi kwanza, kisha wakatafuta masomo. Wewe unayesoma hapa huenda umeanzia upande wa pili: nafasi ya chuo ulipata, na sasa unatafuta kazi ili usiipoteze.

Makala haya ni ya mwanafunzi huyo. Hatutakuambia ufanye kazi au usifanye. Tutakuonyesha jinsi ya kuhakikisha kazi unayofanya inakulipia masomo kweli, maana kuna kazi zinazokuchosha, zinakukosesha masomo, na mwisho wa muhula bado karo haijatimia.

Kalenda mbili zisizolingana

Kuna jambo moja ambalo likieleweka, mengine yote yanakuwa rahisi. Pesa yako inaingia kidogo kidogo: 300 leo, 500 kesho, siku ya mvua hakuna. Karo nayo haidaiwi hivyo. Inadaiwa kwa mkupuo, kwa tarehe, na vyuo vingi havikupi kadi ya mtihani kama una salio kubwa la karo.

Ndiyo maana mtu anaweza kufanya kazi wiki kumi na tano mfululizo, apitishe makumi ya maelfu kwenye simu yake, na bado wiki ya mtihani ikamkuta akipigia jamaa simu akiomba msaada. Si lazima awe amefuja pesa. Pesa iliyokuwa ya karo ilikaa kwenye laini moja na pesa ya unga, bando, tokeni za stima na nauli. Kila hitaji dogo lililokuja lilichota hapo, na karo, kwa kuwa haikuwa inadai leo, ilisubiri.

Kazi yako kubwa, basi, ni kubadilisha matone ya kila siku kuwa ndoo moja iliyojaa kabla ya tarehe ya chuo. Hayo yote yanayofuata yanahusu ndoo hiyo: ijae vipi, isitoboke wapi.

Piga hesabu kabla ya kukubali kazi

Watu wengi huuliza kazi inalipa ngapi. Swali la maana zaidi ni: baada ya kuifanya, ninabaki na ngapi?

Tuchukue mfano wa mwanafunzi anayeishi Njokerio. Amebakisha karo ya shilingi 24,000, na muhula una wiki 15. Anahitaji kuweka kando shilingi 1,600 kila wiki.

Amepata kazi ya hoteli Nakuru mjini, safari ya takriban kilomita 20 hivi. Jumamosi na Jumapili analipwa 600 kwa siku, na jioni mbili za katikati ya wiki analipwa 350. Jumla kwa wiki ni 1,900. Ukiangalia haraka, karo imepatikana na 300 imebaki.

Sasa tutoe gharama. Tuseme nauli ni 100 kwenda na 100 kurudi. Safari nne kwa wiki ni 800. Chakula akiwa kazini, tuseme 100 kwa siku, ni 400. Anabaki na 700. Kwa wiki 15 hiyo ni 10,500, chini ya nusu ya karo anayodaiwa. Na bado hatujahesabu jioni ambayo mvua imenyesha, nauli imepanda, na amefika kwake usiku akiwa na CAT kesho saa mbili asubuhi.

Rafiki yake amekubali kazi ndogo zaidi hapo hapo Njokerio, inayomlipa 1,300 kwa wiki. Hapandi matatu, na chakula anapika kwake. Kwa wiki 15 ana 19,500. Kazi iliyoonekana duni imempa karibu maradufu ya ile ya mjini, na saa za safari amezitumia kusoma.

Nambari zako zitakuwa tofauti, lakini fomula ni ile ile:

- Malipo ya wiki, toa nauli, toa chakula cha kazini, toa vifaa au sare unayonunua mwenyewe.
- Kinachobaki zidisha kwa wiki zilizosalia kabla ya tarehe ya karo.
- Linganisha na karo unayodaiwa. Kama haitoshi, jua leo, si wiki ya kumi na nne.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana kwenye simu. Ukikosa CAT kwa sababu ya shifti, au ukafeli somo kwa kukosa masomo mengi, unaweza kulazimika kurudia somo hilo, na kurudia kuna malipo yake na muda wake. Shifti ya 500 iliyokugharimu somo zima si shifti ya 500. Kwa hivyo kabla ya kukubali zamu, weka ratiba ya CAT na mitihani mezani na umwambie mwajiri mapema siku ambazo hutakuwepo. Waajiri wengi wanakubali taarifa ya wiki mbili. Wanachokasirikia ni kupigiwa simu asubuhi ya siku yenyewe.

Igawe pesa siku inapoingia

Usingoje mwisho wa mwezi ndipo uweke akiba. Mwisho wa mwezi huwa hakuna cha kuweka. Pesa igawanywe siku ile ile inapoingia, hata ikiwa ni mia tatu.

Njia tatu zinazofaa:

1. Lipa chuo moja kwa moja, kidogo kidogo. Vyuo vingi hupokea karo kwa nambari ya Paybill, na akaunti ni nambari yako ya usajili. Hakuna sheria inayosema lazima ungoje zifike elfu kumi. Uliza ofisi ya fedha ya chuo chako kama wanapokea malipo madogo, na kiwango cha chini ni kipi. Pesa iliyokwisha fika chuoni haiwezi kununua viatu. Hii ndiyo akiba ngumu kuliko zote kuvunja.

2. Tumia akiba iliyofungwa. Kama chuo hakipendi malipo madogo madogo, weka pesa kwenye akiba ya simu unayoweza kuifunga hadi tarehe fulani. Chagua tarehe iliyo wiki mbili kabla ya mwisho wa kulipa karo, ili jambo likienda kombo uwe na nafasi ya kurekebisha.

3. Tenga pesa ya biashara na pesa yako. Kama unauza kitu, iwe ni mitumba, chapati au huduma ya kuchapisha kazi za wenzako, pokea malipo kwa Till au laini ya biashara. Ukichanganya, utakula mtaji bila kujua. Ile 2,000 unayoiona kwenye simu jioni, huenda 1,400 ni ya kununulia bidhaa kesho.

Jambo moja muhimu unapolipa karo: soma nambari ya usajili mara mbili kabla ya kuweka PIN. Ukikosea tarakimu, pesa inaweza kufika chuoni lakini ikaingia kwa jina la mwanafunzi mwingine au ikakaa bila mwenyewe. Hilo halimaanishi imepotea. Nenda ofisi ya fedha ukiwa na ujumbe wa kuthibitisha malipo, wenye nambari ya muamala, tarehe na kiasi. Kwa sababu hiyo usifute jumbe hizo hadi umalize masomo. Ukibadilisha simu, zinakili mahali pengine au uombe taarifa ya akaunti yako.

Ada ndogo zinazotoboa ndoo

Ada ya kutoa pesa kwa wakala hupangwa kwa viwango. Ndani ya kiwango kimoja, kutoa 200 kunaweza kukugharimu sawa na kutoa 1,000.

Tuseme ada ya kiwango hicho ni shilingi 29. Ukitoa 200 mara tano kwa wiki, umelipa 145. Kwa wiki 15 hiyo ni 2,175. Ukitoa 1,000 mara moja kwa wiki, umelipa 29, na kwa muhula mzima ni 435. Tofauti ni 1,740, na hujabadilisha matumizi yako hata kidogo.

Bora zaidi, usitoe kabisa pale ambapo unaweza kulipa kwa simu. Dukani na hotelini mara nyingi mnunuzi hatozwi anapolipa kwa Till, lakini angalia menyu ya mtandao wako uone ada kamili kabla ya kuthibitisha. Na kama mwajiri anakulipa kwa simu, ulizeni mapema nani analipa ada ya kutuma. Mkikubaliana 600, iwe ni 600 iliyofika.

Mkopo: tofautisha mrefu na mfupi

Sisi ni watu wa pesa za simu, na tunajua mkopo wa simu ni rahisi kupata. Kwa hivyo tuseme wazi: mkopo wa siku thelathini haujaundwa kulipia karo.

Angalia tofauti. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1995. Mkopo wake kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza unatozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na unaanza kulipa baada ya kumaliza masomo. Mkopo wa simu, tuseme ni 2,000 wenye ada ya asilimia 9 kwa mwezi, unadai 180 kila mwezi. Ukiurudisha na kuuchukua tena kwa miezi minne, umelipa 720 na bado unadaiwa 2,000 ile ile. Mmoja unahesabiwa kwa mwaka, mwingine kwa mwezi. Usiulize tu asilimia ngapi, uliza ya muda gani.

Kwa hivyo mfuatano unaofaa ni huu:

- Kwanza, omba HELB, na kumbuka kuomba tena kila mwaka. Kupata kazi ya vibarua hakukuzuii. Kama umeajiriwa na umerudi shule, uliza kuhusu mkopo wao wa Jielimishe, ambao ni wa wafanyakazi wanaosoma.
- Pili, fuatilia basari ya eneo lako kama ipo. Fomu huwa na tarehe ya mwisho na hudai sahihi za watu kadhaa, kwa hivyo anza mapema.
- Tatu, zungumza na ofisi ya fedha ya chuo kuhusu kulipa kwa awamu. Nenda ukiwa umeshalipa kitu. Mtu aliyelipa 9,000 kati ya 24,000 husikizwa kuliko aliyekuja mikono mitupu.
- Mkopo wa simu uwe wa mwisho, wa dharura, na uwe wa kiasi ambacho pesa unayoitarajia ndani ya mwezi huo itaulipa wote.

Usisahau pia kwamba HELB ni deni. Ukimaliza masomo ukakaa bila kulipa na bila kuwaarifu, kuna faini ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Ukiwa hujapata kazi, waandikie uwaeleze. Kunyamaza ndiko kunakogharimu.

Na tukiwa hapo, kubeti si njia ya kuongeza karo. Ukiona umeanza kuweka pesa ya karo huko ukitumaini kuirudisha wikendi, ihamishe chuoni leo, hata ikiwa ni mia tano.

Jua haki zako kazini

Wanafunzi wengi hufanya kazi bila kuandikishana chochote. Lakini Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakulinda hata wewe wa wikendi. Mambo machache ya kukumbuka:

- Kibarua wa siku anastahili kulipwa mwisho wa siku, isipokuwa mmekubaliana vingine kisheria.
- Kazi ya miezi mitatu au zaidi inapaswa kuwa na mkataba wa maandishi.
- Kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja au zaidi, sheria inaweza kumhesabu kama mwajiriwa wa kawaida na si kibarua tena.
- Mfanyakazi ana haki ya angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba.

Kazi moja tunayoifahamu vizuri ni ya kukaa kwenye duka la wakala. Inawafaa wanafunzi kwa sababu iko karibu na unaweza kusoma wateja wakipungua. Lakini ina hatari yake: floti isipolingana jioni, nani analipa?

Sheria inaruhusu mwajiri kukata mshahara kwa upungufu wa pesa uliotokana na uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi, ikiwa mkataba unasema waziwazi kwamba mfanyakazi huyo amekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa pesa. Na makato yote kwa jumla hayapaswi kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Maana yake ni kwamba mwajiri hawezi tu kuamka na kusema "mwezi huu hulipwi kitu, floti ilipungua."

Ili usifike huko, fanya hivi kila siku: unapoingia, hesabu pesa taslimu na floti pamoja na unayempokea zamu, muandike, mtie sahihi nyote wawili. Unapotoka, fanya vivyo hivyo. Daftari la shilingi hamsini linaweza kuokoa mshahara wa mwezi. Na kitambulisho cha mteja kiangalie kila mara, hata kama ni mtu unayesoma naye. Mteja wa kweli hakasiriki.

Ukiajiriwa rasmi na kuwekwa kwenye orodha ya mishahara, utaona makato kwenye hati ya malipo. Kwa viwango vya sasa, mshahara wa 15,000 unakatwa asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHIF, ambayo ni 412.50, asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, ambayo ni 225, na asilimia 6 ya NSSF, ambayo ni 900. Unabaki na 13,462.50. PAYE hutalipa, kwa kuwa mapato yasiyozidi 24,000 kwa mwezi yanafunikwa na nafuu ya kodi ya 2,400. Kama makato yako ni makubwa kuliko hayo, omba maelezo. Mfanyakazi ana haki ya kuonyeshwa kilichokatwa na kwa nini.

Msimu una kupanda na kushuka

Kazi za eneo letu zina misimu. Naivasha, kazi kwenye mashamba ya maua na vyumba vya kufungia maua huongezeka kabla ya 14 Februari, siku ya wapendanao. Molo na Mau Narok kuna msimu wa kuvuna viazi, na vibarua huhitajika kuchimba, kuchagua na kupakia. Nakuru mjini maduka huchangamka Desemba.

Tatizo ni kwamba Januari na Februari vyuo vingi vimefunguliwa. Usiache wiki tatu za kwanza za muhula kwa ajili ya msimu, ukidhani utafidia baadaye. Badala yake, panga likizo ndefu iwe ndiyo msimu wako wa kujaza ndoo, na wakati wa masomo ufanye kazi nyepesi ya kukutoa njaa na nauli. Ukipata pesa nzuri wakati wa likizo, peleka sehemu yake chuoni kabla hata muhula haujaanza.

Kisha kuna atachmenti. Wengi hufika mwaka wa tatu wakiwa wamezoea kujilipia, halafu wanaambiwa waende kazini kwa wiki nane au kumi na mbili, mara nyingi bila malipo, na huenda ni Gilgil au Nyahururu, mbali na wateja wao. Pesa ya kila siku inasimama, lakini kodi ya nyumba na nauli zinaendelea. Ukijua mwaka ambao atachmenti yako inaangukia, anza kuiwekea akiba yake muhula mmoja kabla. Na unapotafuta nafasi, hesabu nauli kama ulivyohesabu ya kazi.

Kama kazi yako imekuwa nzuri na hutaki kuiacha, kumbuka pia kwamba siku hizi si lazima uishi karibu na darasa. Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati ya kuidhinishwa Agosti 2023, na masomo yake hutolewa kwa intaneti. Vyuo vingine vina masomo ya jioni na wikendi. Ukibadilisha njia ya kusoma ukamaliza, umeshinda kuliko kuacha shule kabisa.

Matapeli wanamjua mwanafunzi mwenye shida

Mtu anayehitaji karo wiki hii ni rahisi kudanganywa. Hizi ndizo mbinu za kujihadhari nazo:

- Kazi ya kulipia kwanza. Unaambiwa umepata nafasi, tuma 500 ya fomu, sare au uchunguzi wa afya. Ukituma, kunatokea malipo mengine. Mwajiri halisi anakulipa wewe.
- Kazi za mtandaoni za kubonyeza. Unalipwa vijishilingi vichache siku ya kwanza ili uamini, kisha unaambiwa uweke pesa yako ndio "upandishwe daraja." Pesa hiyo hairudi.
- Punguzo la karo. Mtu anajifanya ana njia ya kukulipia karo ya 20,000 ukimpa 14,000 mkononi. Karo inalipwa kwa nambari rasmi za chuo pekee. Ukiambiwa kuna risiti, ithibitishe ofisini kabla ya kutoa chochote.
- Kukodisha laini. Unaombwa upokee pesa kwa laini yako na kuzituma kwingine, ubaki na kitu kidogo. Huenda pesa hizo zimeibwa, na jina litakaloonekana ni lako. Kesi ya namna hiyo inaweza kukufuata hadi utakapotafuta kazi yako ya kwanza.
- Ujumbe bandia wa malipo. Kama unauza, usitazame simu ya mteja. Tazama yako. Kama salio lako halijabadilika, hujalipwa.

PIN yako hatutawahi kukuuliza kwa simu, kwa ujumbe, wala kupitia wakala. Anayekuuliza si sisi.

Maswali tunayoulizwa mara nyingi

*Mzazi ananitumia pesa na mimi nafanya kazi. Nani alipe karo?*
Afadhali mzazi alipe chuo moja kwa moja kwa nambari yako ya usajili, na wewe ujilipie chakula na nauli. Mzazi anaona pesa imefika, na wewe huna jaribu la kuigusa. Mtumie ujumbe wa kumshukuru pamoja na salio jipya la karo. Wazazi wengi hutuma kwa moyo zaidi wanapoona hesabu.

*Tuna chama cha wanafunzi wanane, kila wiki tunapeana. Ni sawa?*
Ni sawa, mradi zamu yako iangukie kabla ya tarehe ya karo na msiwe na mtu wa kutoweka. Andikeni majina, kiasi na zamu. Pesa itunzwe kwa njia ambayo mtu mmoja peke yake hawezi kuitoa.

*Nimetuma pesa kwa nambari isiyo sahihi.*
Wasiliana nasi papo hapo. Pesa ikiwa bado haijatumika, kuna nafasi nzuri ya kuirudisha. Ikishatolewa, inakuwa vigumu. Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha.

*Mwajiri amekataa kunilipa pesa ya wiki tatu.*
Kusanya ushahidi: jumbe, siku ulizofanya kazi, majina ya mliofanya nao. Mwandikie kwanza kwa ujumbe, kwa heshima. Asipojibu, nenda ofisi ya leba. Tangu leo, usikubali malipo yalimbikizwe wiki nyingi hivyo.

Fanya hivi wiki hii

1. Angalia salio lako la karo leo kwenye mfumo wa chuo, na uligawe kwa wiki zilizobaki.
2. Piga hesabu ya kazi yako baada ya nauli na chakula. Iandike.
3. Tuma malipo ya kwanza chuoni au kwenye akiba iliyofungwa, hata ikiwa ni 300.
4. Punguza siku za kutoa pesa hadi moja kwa wiki.
5. Mpe mwajiri tarehe zako za CAT na mitihani.

Ukishafanya hayo matano, hutakuwa umepata pesa zaidi. Utakuwa umejua pesa uliyo nayo inakwenda wapi, na kama itakufikisha kwenye chumba cha mtihani. Ukihitaji msaada kuhusu akiba, Till au muamala wako wowote, piga nambari yetu ya huduma kwa wateja au uingie kwa wakala aliye karibu nawe. Masomo mema, na kazi njema.